Mnyapara na Bwana Harusi

Mlango wa nne ulichelewa kufungwa, na Tatu binti Mwinshehe akavuta moshi mpaka mapafu yakaungua. Kazi ya kufunga mlango ule ilikuwa ya kompyuta yetu. Kompyuta ilikuwa na miaka arobaini na moja, na msimamizi wake nilikuwa mimi.

Sitaki kuzunguka. Watu wa Lubanda waliniuliza swali moja: tuiongezee kichwa kipya, au tuing'oe? Nilikuwa na jibu kabla hawajamaliza kuuliza. Tuiongezee. Kwa miaka nilikuwa nikiomba vipuri Dodoma, nikijibiwa kwamba vya aina ile havitengenezwi tena. Kwangu mimi kosa lilikuwa la vipuri. Mnyapara hakuwa na kosa.

Mnyapara ndilo jina tulilompa, kwa sababu hakuna kilichofanyika Lubanda bila yeye kujua. Lubanda ni mgodi ulioishiwa dhahabu. Jua la huko juu lilipozidi, likawa linaua ng'ombe wakiwa wamesimama, wazazi wetu waliteremka na vitanda vyao, majiko na mbuzi, wakageuza mahandaki kuwa mitaa. Huku chini hewa haiji yenyewe. Lazima isukumwe, na moto ukitokea lazima izuiwe. Mnyapara alizungusha mapangaboi, alifunga milango ya chuma, na mambo yakiharibika kabisa aliachia gesi ya kuzima moto. Gesi hiyo inazima chochote kinachohitaji hewa. Moto unahitaji hewa. Mtu naye anahitaji.

Watu elfu moja na mia moja walilala usingizi kwa sababu yake, na alikuwa wetu. Kompyuta za wakati ule hazikuja zikijua kitu. Zililelewa. Kila njia panda waliweka sikio la kusikilizia na mdomo wa kusemea, mji mzima ukaongea na mashine mpaka ikatujua. Nilipofika darasa la tano nilitolewa shule nikawekwa mbele ya mdomo wa njia panda ya tatu. Kazi yangu ilikuwa kujibu. Mtu akipita akisema, "Leo nakuua," Mnyapara aliniuliza, "Anamaanisha?" Nami nikajibu, "Hamaanishi, huyo ni shemeji yake." Au nikajibu, "Anamaanisha. Ita watu." Wenzangu walijifunza kusoma vitabu, mimi nilifundisha mashine kuwasoma watu. Sijawahi kuona kwamba walinipita.

*

Injinia Kokubanza alishuka na lifti ya asubuhi kutoka ofisi ya mitambo ya Dodoma. Alikuwa mama wa makamo, Mhaya, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyochakaa kwa kazi, na kwa viatu vile nilimheshimu. Nyuma yake vijana wawili walisukuma toroli lenye kompyuta mpya iliyofungwa nailoni nyeupe kuanzia juu mpaka chini.

Mwinshehe alikuwa amesimama pale kwenye lifti. Binti yake alikuwa bado yuko zahanati na mpira wa hewa puani, lakini Mwinshehe ni Mwinshehe. Alipoiona ile nailoni akapiga kigelegele kama mwanamke.

"Bwana harusi huyoo! Jamani, mkeka uko wapi? Mpagazi we, pokea mzigo! Si kazi ya babu zako hiyo?"

Yeye ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu tuko wadogo hajawahi kuniita Machibya. Aliniita mpagazi shuleni, akaniita mpagazi siku ya ndoa yangu, akaniita mpagazi mbele ya mkuu wa wilaya.

"Nyamaza we Mzaramo," nikamwambia. "Babu zangu walibeba mizigo mpaka pwani wakawakuta babu zako wamelala. Wakarudi na chumvi, wakawakuta wamegeukia upande wa pili."

Injinia alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Mnagombana?"

"Tunasalimiana," nikasema.

Jina likashika. Kompyuta mpya ikawa Bwana Harusi.

Injinia alipanga majaribio. Bwana Harusi angesikia kwa masikio yale yale ya Mnyapara na kunusa moshi ule ule, na kwenye kioo chake angeandika kila ambalo angefanya. Ila mikono yake ilikuwa imefungwa. Hakugusa mlango wala gesi. Mwisho wa majaribio mimi ningesema neno langu, kisha mkutano wa mji ungeamua.

Nitasema ukweli, alianza vizuri. Alipanga hewa kwa umeme mdogo kuliko Mnyapara. Alisikia beringi ya pangaboi la mashariki ikianza kupasuka, na tulipoifungua tukaikuta ina ufa mwembamba kama unywele. Mnyapara hakuwa ameisikia, wala mimi.

"Umenuna, Mzee Machibya," Injinia akasema.

"Sijanuna. Uso wangu ndivyo ulivyo."

*

Kisha Mzee Kibwana akafa, kwa uzee, kitandani kwake. Alikuwa Mzaramo, kwa hiyo kulia ilikuwa kazi ya ndugu zake, na kuvuruga msiba ilikuwa kazi yetu watani.

Tunazika juu, mapema, kabla jua halijakolea. Jeneza lilipofika njia panda ya tatu nililala chini katikati ya njia na mkeka wangu.

"Hapiti mtu!" nikapiga kelele. "Huyu hajafa! Kaona jembe! Wazaramo wote wakiona jembe wanajifanya maiti!"

Wajukuu zake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na machozi yakitoka. Akatokea Bi Shija, Mnyamwezi mwenzangu, mama mwenye mwili na sauti zaidi ya mwili, ameshika kijinga cha moto kinachofuka moshi kutoka jikoni kwa wafiwa.

"Moto! Leteni moto!" akapiga kelele. "Tukimchoma miguu ataamka mwenyewe! Choma, choma wote!"

Watu wakajaa mpaka ukutani. Mwinshehe, kwa niaba ya wafiwa, akatukomboa njia kwa bakuli la pilau. Nikainuka, nikakung'uta mkeka, na mimi na Bi Shija tukawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza. Ndivyo ilivyo. Anayekucheka ndiye anayekubeba.

Niliporudi chumba cha mitambo, Injinia alikuwa amekaa, mikono mapajani. Aliniachia tu nafasi mbele ya vioo viwili.

Kioo cha Bwana Harusi kiliandika: MOTO NJIA PANDA YA TATU. MOSHI UMEPATIKANA. KAULI YA KUCHOMA WATU IMESIKIKA. MILANGO IMEFUNGWA. GESI IMEACHIWA. WATU 412.

Kioo cha Mnyapara kiliandika: WATANI. ONGEZA HEWA, WATU NI WENGI.

Nilivimba. Kama kuna mtu amewahi kujisikia mrefu ndani ya handaki, ni mimi siku ile. Yale majibu niliyokuwa nikimpa nikiwa mtoto nimekaa kwenye kigoda yalikuwa yameokoa watu mia nne na kumi na wawili, nami nikiwemo, nimelala juu ya mkeka.

"Injinia," nikasema, "bwana harusi wako kaua wakwe wote kabla ya kula pilau."

"Nimeona."

"Basi mfunge tena nailoni yake. Mletee Mnyapara kichwa kipya, akimbie haraka, na mambo yaishe."

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Siku ile ya Tatu, ulimuuliza kwa nini alichelewa?"

"Nimuulize nini? Kazeeka. Mzee unamuuliza kwa nini anatembea polepole?"

"Mashine yenu ina mdomo, Mzee Machibya. Na hujamuuliza."

Akanisogezea kipaza sauti. Nilikishika kama mtu aliyeshikishwa kitu cha moto.

"Mnyapara," nikasema. "Siku ya moshi, mlango wa nne. Kwa nini ulichelewa?"

Alijibu papo hapo. Sauti yake ni ile ile ya zamani, imekwaruza kidogo kwa vumbi la spika.

"Nyaya ziliungua handaki la tano. Niliona moshi, lakini moshi peke yake si moto, watu wanapika. Handaki la nne mtu alipiga kelele, 'Funga, moto!' Aliyepiga kelele alikuwa Tatu wa Mwinshehe. Watu wa Mwinshehe wakipiga kelele, mara nyingi hawamaanishi. Nikasubiri sauti ya pili."

Injinia akasogea kwenye kipaza sauti. "Ningekuwa mimi ndiye niliyepiga kelele?"

"Nisingesubiri," Mnyapara akasema. "Wewe sikujui."

Nilikaa chini. Mgeni aliyefika juzi angefungiwa mlango mara moja. Mtoto aliyezaliwa humu, ambaye Mnyapara alimsikia akilia siku ya kwanza, alisubirishwa, kwa sababu baba yake ni mcheshi na ukoo wake ni watani. Hatukumfundisha vibaya. Kila tulichomwambia kuhusu akina Mwinshehe kilikuwa kweli. Hakuna kijiji kingine duniani ambacho kingefikiria kuifundisha kompyuta utani, na sisi tulimfundisha vizuri mpaka akaelewa.

"Na kichwa kipya?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mwili wake haukuchelewa," Injinia akasema. "Alisikia mara moja, akafikiria mara moja, akaamua kusubiri. Nikimwongezea kichwa, atafikiria haraka zaidi kwamba inabidi asubiri."

*

Mkutano ulifanyika ukumbi mkubwa, ule uliokuwa karakana ya malori ya mgodi. Nilisimama nikawaeleza yote mawili, la msiba na la Tatu. Sikupunguza. Mmoja anawajua mno, nikasema, na mwingine hawajui kabisa, na huyu wa kwanza hatibiki kwa spana.

Bi Shija akasimama kwanza. "Basi tuchukue mpya, na utani upigwe marufuku humu chini. Mtu akitaka kutania apande lifti."

Watu wakaguna. Mwinshehe akainuka.

"Bi Shija, wewe unipige marufuku mimi? Ukinyamaza siku mbili si utapasuka kama puto?" Watu wakacheka, kisha akainua mkono. "Nasema hivi. Utani ni wetu. Mpagazi huyu akinitukana leo, nikifa kesho atanibeba. Ndiyo maana nampa ruhusa. Je, hiyo mashine itanibeba? Haina bega. Basi nani aliipa ruhusa ya kuamua kama binti yangu anatania?"

Ndipo Tatu akasimama. Alikuwa ametoka zahanati na chupa yake ya hewa kwenye kitoroli, anavuta maneno kama anayevuta kamba nzito kisimani.

"Mimi nilipiga kelele," akasema. Akapumua. "Mlango ukaanza kufikiria mimi ni mtoto wa nani." Akapumua tena. "Mlango usifikirie. Ufungwe tu."

Akakaa. Kwangu mimi mkutano uliishia hapo, lakini bado kulikuwa na gesi. Mlango ukifungwa kwa makosa unafunguliwa. Gesi ikiachiwa kwa makosa hairudi.

"Gesi naweza kumnyima Bwana Harusi," Injinia akasema. "Kuna valvu ya mkono nyuma ya chumba cha mitambo. Mtu atakaa pale kwa zamu, siku zote, na gurudumu atalizungusha yeye. Lakini nawaambia wazi: mtu ni mzito kuliko mashine zote mbili. Kuna siku atachelewa, na mtajuta."

"Tutajuta sisi wenyewe," Mwinshehe akasema. "Nataka anayenichelewesha awe mtu ninayejua kwao."

Mikono ikanyooshwa. Niliinua wangu, na niliuinua juu sana, ili asiwepo wa kusema Machibya alilazimishwa. Kila nyumba ilitoa mtu wa zamu. Miji mingine ya chini walituona wajinga, tumenunua mashine mpya kisha tukamweka mtu afanye kazi yake. Waache. Sisi tulijua tunachofanya.

Mnyapara nilimzima mwenyewe. Sikutaka Injinia afanye hivyo.

"Lala sasa, mzee," nikamwambia. "Umefanya kazi."

"Unamaanisha?" akauliza.

"Namaanisha."

Nikashusha swichi.

*

Moto wa ghala ulitokea zamu yangu.

Ilikuwa mchana, watu wengi wako kwenye mapumziko. Bwana Harusi alifunga milango ya handaki la ghala kabla mimi sijasikia harufu. Hakuuliza mtu yeyote ni mtoto wa nani. Kwa hilo nilimvulia kofia palepale.

"Moto ghala kuu," akasema. "Nashauri gesi."

Nilikuwa nimeshika gurudumu la valvu kwa mikono miwili. Nikauliza kuna nani ndani. Akasema masikio mengi ya kule yameshaungua, limebaki moja la mlangoni, linalosikia ndani na nje, na kwa hilo anasikia mtu. Akaniunganishia.

Ilikuwa sauti ya Mwinshehe. Nikakumbuka kwamba hupenda kulala mchana juu ya magunia ya mbegu, kwa sababu kule kuna ubaridi na mkewe hamfikii.

"Machibya," akasema. "Machibya ndugu yangu, achia gesi. Mimi nimeshatoka. Niko huku nje, ni mzima kabisa."

"Msemaji yuko nje na ni salama," Bwana Harusi akasema. "Nashauri gesi sasa. Moto unaelekea kwenye handaki la makazi."

Sauti ya Mwinshehe ilikuwa tulivu. Hata hakukohoa, alijizuia asikohoe. Ungekuwa wewe ungemwamini. Lakini mtu huyu hajawahi kuniita Machibya maishani mwake, na hata siku moja hajaniita ndugu. Angekuwa nje ni mzima angenitukana. Hakunitukana. Nikajua yuko ndani, na amejua mlango wake haufunguki bila moto kupita, na ameamua moto uzimwe juu yake ili usifike kwa wanetu.

Nikaondoa mikono kwenye gurudumu. Nikaita watu wa zamu kwa kelele: Lukelesha na wenzake waingie kwa tundu la mafundi, lile la mabomba, upande wa nyuma wa ghala. Lukelesha ni kijeba, mtu mfupi, ana mabega kama ng'ombe. Alijifunga shuka mbichi kichwani akaingia kwa tumbo.

"Nashauri gesi," Bwana Harusi akasema.

"Subiri."

"Unasubiri nini?"

"Mtani wangu."

Akaandika kitu kwenye kioo chake, sijui nini. Kisha akashauri gesi tena, na tena, na kila mara nikamwambia subiri. Kupitia ukuta nilisikia mashine ya kusaga ikipasuka. Nilisikia mbuzi waliofungwa ghalani, kisha sikuwasikia. Mlango wa upande wa makazi ulianza kuwa mwekundu katikati, na Injinia alikuwa amesema kweli, mtu ni mzito. Nilikaa na uzito wangu.

Nikakimbilia kwenye tundu, nikamkuta Lukelesha anatoka kinyumenyume, anamburuta Mwinshehe kwa kola. Nikamwona kwa macho yangu mawili. Nikarudi mbio nikazungusha gurudumu mpaka mwisho, na moto ukafa kama taa.

Mwinshehe alikuwa amelala chali sakafuni, nyusi zote zimeungua, mweusi kama chungu. Akakohoa muda mrefu. Akafungua jicho moja akaniona.

"Mpagazi mkubwa we," akasema. "Mzigo mmoja tu wa kubeba, na umechelewa nao."

Nikajua yuko nje na ni mzima.

Watu huniuliza kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mimi si mtu wa kubishana, nawahesabia tu yote hayo yaligharimu nini. Magunia sabini ya mbegu ya mtama. Mashine ya kusaga, moja. Mbuzi tisa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Lukelesha. Msimu mzima wa kula nusu mgao, wakubwa kwa watoto. Mnyapara, miaka arobaini na moja ya malezi. Mapafu ya Tatu, ambayo hayakurudi. Nyusi za Mwinshehe, ambazo zilirudi zikiwa nyeupe.

Watu, hakuna.